Reinildo Hachinjwi

Nchini Msumbiji hakuna Krismasi. Watu huisherehekea, huipikia na hata kuikopea, lakini ukifungua kalenda ya serikali huioni. Dola iliyozaliwa Juni 25, 1975 haikutaka sikukuu za dini, kwa hiyo Desemba 25 ikabatizwa, kama neno hilo linafaa hapa, Siku ya Familia. Januari mosi nayo ni siku ya Undugu wa Ulimwengu.

Sisi wa Palma, pwani ya kaskazini, ambao wengi wetu ni Waislamu, tumefaidika sana na ubatizo huo. Mama yangu, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, hataki kusikia habari za Krismasi. Lakini mwambie Siku ya Familia inakaribia, atauliza mchele umenunuliwa kilo ngapi. Na mke wangu ni Mmakonde wa Mueda, kakulia misheni kwa Wakatoliki. Nyumba kama yetu bila jina hilo ingekuwa na kesi kila Desemba. Kwa jina hilo tuna kesi za kawaida tu: mchele, nguo, na nani kala biskuti.

Mwaka jana mama mkwe alituma habari kwamba siku hiyo atakula kwetu. Asiyeoa hawezi kuelewa uzito wa sentensi hiyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wangu unajulikana na kila mtu, na ule wa kumi na tatu, ukija, huja Januari, sikukuu ikiwa imeshageuka deni. Kuku Desemba hapa hupanda bei kila anapowika. Basi nikajifanya mjanja. Wiki tatu kabla, nikanunua jogoo mwekundu kwa metikali 600, nikamfungia uani, nikajipongeza. Mke wangu alinitazama tu. Alisema, "Baba, wiki tatu na watoto hawa?" Sikuelewa swali.

Tuna watoto watatu. Mkubwa ni msichana wa miaka tisa, anafikiri kama wakili. Wa kati ana sita, yeye hutekeleza. Mdogo ana mitatu na nusu, na kazi yake ni kusema siri kwa sauti, ila hasemi vizuri bado, kwa hiyo siri hubaki salama.

Siku ya pili jogoo alikuwa na jina. Wakamwita Reinildo. Msomaji atakumbuka Januari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika kule Abidjan: Ghana wako mbele 2-0, mechi imekwisha, watu wameanza kuzima televisheni, tukapata penalti, tukafunga, kisha beki wetu Reinildo akaruka akaupiga mpira kichwa, 2-2. Hatukuvuka hata makundi, lakini Palma usiku ule ililala kama imechukua kombe. Tangu hapo mwanangu wa kati huamini kwamba kila kinachoonekana kimekwisha hakijakwisha. Nilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kumletea jogoo.

Jina lilimfaa. Reinildo wa Abidjan ni beki wa kushoto, na wetu vilevile alishika upande wa kushoto wa ua, na huko kushoto ndiko kuliko choo. Hakupita mtu. Wiki ya kwanza tukawa tunakwenda choni na ufagio. Wiki ya pili watoto walipita bila ufagio, maana walimlisha wali, chima na, niligundua baadaye, nusu ya korosho za Bibi. Sisi watu wazima tuliendelea na ufagio.

Mama mkwe alifika tarehe 23 jioni, kachoka, kakaa barabarani siku nzima kutoka Mueda kupitia Awasse na Mocímboa, kila kizuizi cha askari teremka, panda, teremka. Kabeba gunia la korosho na muhogo mkavu. Nikapiga magoti, nikamwamkia, "Shikamoo, mama," nikajikalia mbali kama inavyompasa mkwe. Mnamo saa tatu usiku nikamwona anainuka, anamuuliza mke wangu kitu, na anaelekea kushoto.

Sasa hebu niambie. Mkwe wako anakwenda choni gizani. Huko kuna jogoo. Kumwita na kumwambia "mama, usipite huko" ni kusema kwamba umeona anakokwenda. Kumfuata na ufagio ndiyo balaa kabisa. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mke wangu akadhani nina pumu. Kisha tukasikia mabawa, tukasikia kilio kimoja kifupi cha Kimakonde, na mama mkwe akarudi mwendo ambao sikujua mtu wa umri wake anao. Akakaa. Akajitengeneza kilemba. Akasema taratibu, bila kumtazama yeyote, "Huyo ndiye wa kesho kutwa?"

Tukamwambia ndiye.

"Vizuri," akasema. Na mimi nikajua kwamba hapo biashara imekwisha, jogoo huyu ataliwa hata kama nitamkamata kwa nyavu.

Tarehe 24 bibi wawili walipika pamoja, na hapo palikuwa na vita vya namna yake. Mama mkwe alikimbizwa akiwa mtoto, wakati wa vita vya ukombozi, akakulia Rutamba mkoani Lindi. Kiswahili chake ni cha Tanzania, anakivaa kama medali. Bibi ni Mmwani wa hapahapa, na kwake Kiswahili kilizaliwa Palma, wengine wanakiazima. Mmoja anasema ugali, mwenzake chima. Mmoja soda, mwenzake refresku. Mama mkwe akasema kaja na daladala, Bibi akamwambia hapa hakuna kitu hicho, hapa kuna chapa. Wanangu, ambao shuleni husoma Kireno, waliwajibu wote wawili "obrigado" na kuondoka na sahani.

Jioni mke wangu akatoa msiro. Nieleze kidogo kwa wasioujua: ni kipande cha mti, unakisugua juu ya jiwe huku unadondoshea maji, kinatoa ujiuji mweupe wenye harufu ya shamba baada ya mvua, na wanawake wa pwani hii hujipaka usoni, ukikauka uso unakuwa kama umevikwa barakoa. Ngozi ikioshwa inabaki laini. Kwa Siku ya Familia akasaga mwingi, akajipaka yeye, akampaka mkubwa, na kwa heshima akampaka mama mkwe mashavuni. Uliobaki akaufunika bakulini jikoni. Watoto walikuwa wamekaa pale pale, kimya. Mzazi mwenye akili akiona watoto watatu wamekaa kimya huinuka akaangalia. Mimi nilikuwa nanoa kisu.

Na huko kunoa ndiko kulikoniponza. Wa kati akaja akasimama mbele yangu.

"Baba, hicho cha nini?"

"Cha jikoni."

"Mbona unasema bismillahi?"

Sikuwa na jibu. Akaenda kumwita wakili.

Asubuhi ya tarehe 25 nikaamka, nikatawadha, nikachukua kisu nikaenda uani. Kibanda cha jogoo kitupu. Mlango umefungwa vizuri, kamba imefungwa fundo la watoto, lile la mizunguko kumi na mbili. Nikatafuta chini ya mtumbwi mbovu, nyuma ya choo, juu ya mwembe. Watoto nao wakanisaidia kutafuta kwa bidii ambayo shuleni sijawahi kuiona kwa mwanafunzi. Mkubwa hata alitazama ndani ya mtungi.

Bibi alikuwa barazani na tasbihi yake. Nikamuuliza kama kamwona jogoo.

"Jogoo wako sijamwona," akasema. "Ila alfajiri jogoo mweupe wa jirani aliingia humu, anatembea kama kalewa, anakula mchele wetu. Nikawaambia watoto wamrudishe. Wakamrudisha upesi, hawakubisha hata kidogo. Wanao wamelelewa vizuri, wallahi."

Nikawatazama wanangu waliolelewa vizuri. Mdogo alikuwa na mikono miwili myeupe mpaka viwikoni.

"Einido kaoga," akasema.

Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilimsikiliza, lakini akili yangu haikufika huko. Nani angefika? Macho ya Bibi yana ukungu, hilo twalijua. Na jirani kweli anafuga kuku weupe, hilo pia twalijua, na kumbe mkubwa alilijua kuliko sote.

Mnamo saa nne mawingu yakajikusanya baharini. Mvua za Desemba hapa hazipigi hodi. Ikaja moja nene, ya dakika kumi, ikapiga mabati na makuti, ikakatika. Na baada ya kukatika, kutoka ua wa jirani ukatoka ukelele.

Naomba hapa nisitanie kwa sentensi chache. Palma ukelele si kitu cha kawaida. Machi 24, 2021 uvamizi wa waasi ulianza hivyohivyo, alasiri, mtu akapiga kelele, kisha bunduki, na tuliokimbia tulikimbia na tulichoshika mkononi. Mwanangu mdogo kazaliwa Pemba, kwenye nyumba ya watu. Tumerudi, tunafundisha, tunapika, lakini mtaa mzima ukisikia kelele hunyamaza kwanza. Siku ile ulinyamaza. Redio moja ikazimwa. Mama mkwe, ambaye alijifunza kukimbia kabla hatujazaliwa, alishamshika mdogo mgongoni. Na Bibi akanyanyua furushi lake.

Furushi hilo hukaa nyuma ya mlango tangu turudi. Ndani, tunavyojua, mna vyeti vya watoto, kapulana mbili, tochi, na pakiti sita za biskuti za safari. Bibi akalinyanyua, akasimama, akalipima mkononi. Akalifungua papo hapo. Vyeti vipo. Tochi ipo. Biskuti zimebaki karatasi, zimekunjwa vizuri na kurudishwa mahali pake, sita.

"Hivi," akasema Bibi, "tungekimbia na nini?"

Wakati huo huo mama jirani akatokea kwenye uwazi wa ua, kalowa, mkono kifuani. Si bunduki, si watu wa porini. Alikuwa kasimama chini ya upenu wake anatazama mvua, na jogoo wake mweupe, ambaye hakukumbuka kuwa naye, kasimama katikati ya ua. Akamwona anaanza kuchuruzika. Kwanza kichwa, kikawa chekundu. Kisha shingo. Jogoo akajitikisa mara moja, weupe wote ukamruka ukutani, akabaki mwekundu kama damu, akamtazama usoni, akawika.

"Jini," akasema mama jirani. "Jini, naapa. Kabadilika mbele yangu."

Nyuma yake Reinildo akaja akitembea, kwapa moja bado jeupe, akapita katikati ya watu wazima waliokuwa wamesimama na mafurushi, akaenda kushoto kwenye nafasi yake.

Ungedhani hapo nilimkamata. Nilijaribu. Lakini mama jirani akasema mnyama aliyebadilika rangi haingii mdomoni mwa mtu. Nikamweleza habari ya msiro, nikamwonyesha bakuli, nikamwonyesha mikono ya mdogo. Akasema msiro ni msiro lakini macho yake ni macho yake. Bibi akaunga mkono. Nikamtazama mama mkwe, nikijua kwamba huyu ana kesi yake na jogoo na hatatetereka. Akanyamaza sana. Kisha nikaona kilemba chake kinatikisika, mabega yanatikisika, na mama mkwe, ambaye kwa miaka kumi nilimwona akitabasamu mara mbili, akacheka mpaka msiro wa mashavuni ukapasuka vipande.

"Mwacheni," akasema. "Askari anayejipaka majani namjua. Huyu kajipaka msiro. Mwacheni."

Nikashuka pwani mbio. Kwa wavuvi wetu Desemba 25 ni siku kama nyingine, kwa hiyo nikapata tasi kumi na pweza mmoja mkubwa, kwa bei ya mtu anayeonekana kukata tamaa. Tukala pweza wa nazi, matapa, wali, na ile chima au ugali. Watoto wakazunguka mtaani kusema "boas festas" na kurudi na peremende, ambazo Bibi alizitaifisha kwa ajili ya furushi.

Undugu wa Ulimwengu ulitukuta salama, ukiacha kwamba wa kati na mkubwa walipigania nani atalala karibu na kibanda. Mama mkwe kabla ya kuondoka alikwenda choni bila ufagio. Mkononi alikuwa na korosho.

Reinildo yupo. Anawika saa tisa usiku, anamwahi muadhini, na mtaa umezoea kumwita Jini. Sasa Idi ya kuchinja inakaribia, na Bibi kanunua mbuzi, mweusi tii, kafungwa uani upande wa kulia. Nimewakataza watoto kumpa jina. Wamesema sawa, baba, upesi, hawakubisha hata kidogo.

Juzi mke wangu alikuwa anatafuta kipande chake cha mti wa msiro. Hakukiona. Jiwe lilikuwa mahali pake, limeloa.