Barua ya Wazi Kuhusu Umeme Usio na Vyeti

Kwa: KNQA, NITA, EPRA, na afisi nyingine yoyote yenye mhuri, Nairobi

KUH: OMBI LA KUUREJESHA UMEME WA ETHIOPIA MPAKANI

Waheshimiwa,

Mafundi wa stima wa Kitui na Makueni wanawasalimu kwa heshima zote. Wanatumai mhuri bado una wino na mtandao umerudi. Barua hii haileti ugomvi. Inaleta pongezi, kisha maombi machache, moja likiwa la dharura.

Pongezi ni kwa jinsi mlivyoilinda nchi dhidi ya fundi aliyefunzwa nje. Chukueni yule wa Mutomo, mmoja wa vijana waliokwenda Doha miaka ile Qatar ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2022. Huko alivuta kebo ghorofa baada ya ghorofa, akajifunza kusoma michoro, akafanya mitihani ya usalama, akarudi nyumbani na faili nene. Stima ya Qatar ni volti 240, hezi 50. Stima ya Mutomo ni volti 240, hezi 50. Hata plagi ni ile ile ya pini tatu za bapa ambayo Mwingereza aliiacha huku na kule. Drili aliyorudi nayo aliichomeka ukutani kwa mamake siku aliyofika, ikanguruma. Kitu pekee kilichokataa kuingia kwenye soketi ya Kenya ni cheti chake.

Au chukueni wa Rombo, Tanzania, aliyepanda gari Illasit na kushuka Emali kwa barabara ya Oloitokitok. Mfukoni ana cheti cha ufundi cha VETA na leseni ya umeme ya EWURA, vyote vya Tanzania. Stima ya kwao ni volti 230. Huenda hizo volti kumi zilizopungua ndizo zinazowanyima usingizi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kifungu chake cha 11 kinaahidi kwamba nchi wanachama zitatambua vyeti vya elimu na vya kazi vya wenzao. Wahandisi hawakungoja sana: bodi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano yao 2012. Mwenye digrii na helmeti nyeupe alivuka. Mwenye koleo bado anaulizwa alisomea wapi.

Njia anayopitishwa inajulikana na kila aliyewahi kuipita, kwa hiyo barua hii haitachosha mtu. KNQA hueleza cheti cha kigeni kinalingana na nini hapa kwetu. NITA hupima mikono, kuanzia Daraja la III kupanda hadi la I. EPRA hutoa leseni, kutoka C-2 ya chini hadi A-1 ya juu, na bila hiyo kushika waya wa mtu ni kosa la jinai. Milango mitatu, na kila mmoja una hamu ya kuona karatasi ya mlango mwingine. Makao ya NITA yako Industrial Area na ya EPRA yako Upper Hill. Kutoka Mutomo ni zaidi ya kilomita 200 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi kuchukua karatasi iliyosahaulika. Huduma Centre ipo Kitui na ipo Wote, lakini hapo mikono ya fundi inahitajika kwa alama za vidole tu.

Sasa ombi la dharura.

Mnamo Novemba 2022 mgeni kutoka Ethiopia alianza kazi nchini bila kupitia dirisha lenu hata moja. Anatokea Wolaita Sodo, anasafiri kilomita 1,045 juu ya nguzo kwa volti laki tano, anavuka mpaka wa kaskazini bila pasipoti, anateremkia Suswa. Aliingia na megawati 200 kwa mpigo, na mkataba wake wa miaka 25 unaruhusu zifike 400. Yumo kwenye gridi ya taifa, maana yake yumo Kitui. Anachemsha chai Mwingi. Anachomelea milango Makindu. Anachaji simu za watoto wa shule Kathonzweni. Nani aliona vyeti vyake?

Barua hii inaomba umeme huo urudishwe Moyale ukae kwenye benchi usubiri kuitwa. Kwanza ulete nakala ya cheti iliyothibitishwa na wakili. Cheti kitakuwa cha Kiamhari, kwa hiyo kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na mtafsiri naye alete vyeti vyake vitambuliwe. Tarehe zitaleta matata. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya yetu kwa miaka saba na ushei, basi umeme ulioingia Novemba 2022 utakuja na karatasi za 2015, na karani makini atang'amua papo hapo kwamba pana udanganyifu. Umeme uape mbele ya hakimu kwamba 2015 na 2022 ni mwaka mmoja.

Kisha iletwe barua ya chuo. Chuo cha umeme huu ni Mto Omo, tawi la bwawa la Gibe III lililozinduliwa Desemba 2016. Mto uandike kwa karatasi yenye nembo, utaje mihula, saa za darasani na saa za vitendo, uweke saini ya msajili, uitume moja kwa moja kwenu ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Mto ukichelewa kujibu kwa sababu ya kiangazi, faili lifungwe na ada isirudishwe. Kuhusu cheti cha tabia njema, ichunguzwe kama umeme huu umewahi kumpiga mtu popote.

Baada ya hapo, usaili. Volti laki tano ziulizwe kama zina uzoefu wa nyumba ya vyumba viwili yenye paa la mabati. Hazina. Volti laki tano hazijawahi kuwasha balbu ya mtu. Mwombaji basi aanzie Daraja la III kama wengine: afunge soketi moja na swichi mbili mbele ya mtahini, na akifaulu asubiri kikao cha Daraja la II. Wakati huo Kitui na Makueni zitawasha koroboi. Taratibu ni taratibu.

Mafundi waliosomewa rasimu ya ombi hili waliligundua jambo ambalo mwandishi hakulijua. Umeme wa Ethiopia huja ukiwa wa mkondo mnyoofu, na gridi ya Kenya hutumia mkondo geu. Yaani hautumiki hapa jinsi ulivyo. Stima ya Doha inafanana na ya Mutomo kuliko hiyo ya Ethiopia inavyofanana na ya mjini Narok. Lakini kwa vile nchi iliutaka, haikuuliza umesomea wapi. Ilijenga kituo pale Suswa: unaingia mnyoofu, unatoka geu, kabla mtu hajapepesa jicho. Hakuna aliyeuambia urudi Omo ukazaliwe upya.

Maombi mengine ni madogo. Fedha ambazo Wakenya walio nje walizituma nyumbani mwaka 2024, takriban dola bilioni 4.9, zizuiliwe mpaka mabosi waliozilipa waandike barua. Paneli za jua kutoka China, ambazo hukaguliwa huko huko zitokako na kupewa cheti cha ulinganifu kabla ya kupakiwa melini, zifundishe binadamu siri hiyo. Ikishindikana, fundi wa Mutomo apakiwe ndani ya kontena pamoja nazo, aandikwe paneli. Na nyumba zote zilizotandazwa nyaya na wazee waliofanya mitihani ya City and Guilds ya London, kabla baraza letu la mitihani, KNEC, halijaundwa 1980, zizimwe leo jioni, maana karatasi zile zilisahihishwa ng'ambo na hakuna aliyezitilia shaka.

Kuna sharti moja ambalo barua hii ilikusudia kulipita kimya. Imeshindwa. Ni lile la barua kutoka kwa mwajiri wa zamani.

Waheshimiwa, mnajua Ghuba ikoje. Mnajua wapo waliopokonywa pasipoti uwanja wa ndege na kurudishiwa siku ya kuondoka, na wengine hawakurudishiwa. Mpaka Septemba 2020 mfanyakazi wa Qatar hakuweza kuhamia kazi nyingine bila idhini ya bosi wake. Kampuni nyingine zilifunga mara tu viwanja vilipokamilika, na mishahara ya mwisho ikafungwa pamoja nazo. Sasa mtu katoka mikononi mwa bosi huyo akiwa hai, kafika kwao Mutomo, na ninyi mnamwambia arudi kwa bosi yule yule amwombe saini, ndipo mkubali kwamba alikuwa fundi. Hata jina lililo kwenye faili si lake tena: Musyoka liliandikwa kwa Kiarabu, likarudishwa kwa herufi zetu likiwa limepoteza vokali njiani, na kwa kosa la karani wa Doha atamlipa wakili wa Kitui hati ya kiapo. Huku si kulinda usalama wa mtu yeyote. Ni kumnyanyasa mara ya pili mtu aliyenyanyaswa tayari, safari hii na watu wa kwao, tena kwa ada.

Na usalama wenyewe mnaousema? Kila fundi kati ya Zombe na Kibwezi anaweza kuwaeleza mchezo unavyochezwa. Asiye na leseni anatandaza nyaya. Mwenye leseni, ambaye nyumba hajaiona wala hana haja ya kuiona, anauza saini. Kampuni ya stima inapokea karatasi safi. Nyumba ikiungua, mikono iliyofanya kazi haimo kwenye rekodi yoyote ya serikali, kwa sababu serikali ilikataa kuiandika.

Barua inaomba radhi. Ilisahau adabu za afisini. Turudi.

Kuna mahali taratibu hizi zimeandikwa kwa njia nyingine, na serikali yetu inapajua, kwa kuwa ilipazuru. Tarehe 13 Septemba 2024 mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya kupeleka wafanyakazi Ujerumani. Wajerumani si wapole wa karatasi; hakuna anayewashinda kwa kupenda nakala. Lakini sheria yao ya 2012 kuhusu vyeti vya kigeni inaipa afisi miezi mitatu kuamua, tangu faili lilipokamilika. Tena haisemi ndiyo au hapana peke yake. Cheti kikilingana nusu, mwombaji huelezwa kwa maandishi nusu iliyopungua ni ipi, aende akaisome au akaifanyie kazi, arudi. Serikali yetu imeona jambo hilo ni jema kwa fundi anayeondoka. Anayerudi je?

Nyumbani pia mna chombo. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa ilizinduliwa 2024 kwa hotuba na makofi, ikiwalenga mafundi wa jua kali ambao hawana karatasi kabisa. Ni kichekesho kidogo kwamba asiye na karatasi yoyote sasa ana sera yake, na mwenye karatasi ya Doha au Rombo anangoja ilinganishwe. Vyuo vya ufundi stadi viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kitui inavyo, Makueni inavyo, na vina karakana, mbao za kufungia nyaya na walimu wanaojua soketi iliyofungwa vibaya kwa kuitazama.

Kwa hiyo waheshimiwa, ombi la Ethiopia mkiliona zito, liacheni. Umeme uendelee na kazi, Kitui inauhitaji. Badala yake wapeni mafundi Suswa yao. Mtahini wa NITA na wa EPRA wapande gari moja, kila baada ya miezi mitatu, siku moja Kitui na siku ya pili Wote. Wakute karakana iko wazi. Faili la kila mtu lisomwe akiwapo, mikono yake ipimwe mchana huo, na anayepungukiwa aambiwe kwa maandishi amepungukiwa na nini. Sharti la barua ya bosi liondolewe kwa yeyote anayeweza kuonyesha kwa testa na koleo kile ambacho bosi angekiandika. Ada watalipa. Wamekuwa wakilipa siku zote.