Soma kwa Macho Tu

Masikio yangu bado yana moto. Jana, mbele ya laini ya watu waliokwisha kuchoka hata kutazamana, soja wa ofisi moja ya umma hapa Buruburu (sitaitaja, karatasi yangu bado iko kwao) alinishika mkono wa shati, akaninyang'anya simu, akaiinua juu kama refa mwenye kadi nyekundu, akatangaza: "Huyu hapa anapiga picha serikali!"

Watu wakageuka. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza ili asikose kitu. Mzee aliyekuwa amenishikia nafasi akasogea hatua moja mbele, kwa heshima zote, na nafasi yenyewe ikaisha.

Serikali niliyoipiga picha ilikuwa ubao. Unaujua. Ofisi za umma za Kenya zinao ukutani, una safu nne: huduma, mahitaji, ada na muda. Ni mkataba wa huduma kwa mwananchi, na mwananchi, kwa kadiri ninavyoelewa, ni mimi. Huu wa kwetu umetundikwa juu karibu na dari, jirani na picha ya Rais, kwa herufi za kupimia macho, na kando yake pameandikwa kwamba hili ni eneo lisilo na ufisadi. Huduma niliyoifuata imeandikiwa dakika 15. Nilifika pale jua halijapanda juu ya Mutindwa, na wakati wa kukamatwa kwangu mama wa chapati wa ng'ambo alikuwa anaosha vyombo aende zake. Katika safu ya mahitaji, baada ya barua ya chifu na nakala za kila kitu, kuna picha mbili za pasipoti. Wao wanaruhusiwa kutaka picha yangu.

Kilichoniponza ni sauti. Simu yangu ni ya mtumba. Niliinunua barabara ya Luthuli mjini, na muuzaji aliapa kwamba ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Korea Kusini aliyeitunza sana. Nimeinyamazisha kila mahali, hata mama mkwe akipiga haisikiki. Ila ukipiga picha inalia "kacha!" na hakuna mahali pa kuizima. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ni kanuni za watu. Mwaka 2004 Wakorea waliweka kiwango kwamba simu yenye kamera lazima itoe sauti ya desibeli 60 hadi 68 inapopiga picha, hata ikiwa imezimwa sauti, kwa sababu kulikuwa na wanaume waliokuwa wakiwapiga wanawake picha za siri kwenye treni na vyooni. Huko Japani kampuni za simu zenyewe zilikubaliana jambo hilohilo. Ni uamuzi mzuri na ninauunga mkono. Sikutarajia tu uje kunikamatia Buruburu.

Na sauti yenyewe ni ya uongo, jambo ambalo limeninyima usingizi kuliko hata aibu. Kamera za zamani zilikuwa na haki ya kulia. Ndani mlikuwa na pazia linaloziba filamu. Ukibonyeza linafunguka na kufungwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na zile kubwa za wapiga picha wa harusi zina kioo pia, kinachoruka kupisha mwanga kisha kinarudi kwa kishindo. Simu haina kioo, haina pazia. Ina kipande cha silikoni chenye mamilioni ya vidoa vinavyopokea mwanga, navyo husomwa mstari baada ya mstari, kimya kabisa. Ile "kacha!" ni rekodi ya kifaa ambacho simu haina. Nilikamatwa, kwa maneno mengine, kwa ushahidi wa kutungwa.

Usomaji huo wa mstari kwa mstari ndio ulioniharibia hata picha. Soja alisikia ya kwanza, akanifikia nikipiga ya pili, akanivuta wakati mistari ya juu imeshasomwa na ya chini bado. Kwa hiyo juu Rais amesimama wima, nadhifu, na chini yake ubao mzima umelala upande, dakika 15 zikiwa zimenyooka hadi kufanana na kitu cha kweli.

Nilipelekwa chumba cha nyuma, kwa madam mmoja aliyekuwa akila maembe.

"Umetumwa na nani?"

"Na mke wangu, madam."

"Yeye anafanya kazi wapi?"

Soja akadakia kabla sijajibu: "Madam, amempiga hata Rais."

"Alikuwa ukutani, madam. Mimi nilifuata ubao."

"Ubao si upo? Si usome kwa macho? Au unataka kutuweka mtandaoni?"

Niliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, ni sheria gani inayokataza. Akanionyesha karatasi ndani ya plastiki: KUPIGA PICHA NI MARUFUKU. KWA AMRI. Amri ya nani, karatasi haikusema. Kisha akaniamuru nifute. Nikafuta. "Sasa ingia kwenye taka, ufute tena, maana huko zinakaa siku 30." Ujuzi huo haujawahi kufika dirishani.

Nyumbani nikazitafuta sheria zenyewe. Ipo ya siri za serikali, Sura ya 187, ya mwaka 1968. Mama yake ni ile ya Uingereza ya 1911, iliyopita katika Bunge lao la makabwela kwa muda usiofika saa moja, alasiri ya Agosti, kwa hofu ya majasusi wa Kijerumani waliodhaniwa wanachora bandari. Hata hiyo ni ya siri, na ubao uliotundikwa ukutani si siri. Ipo ya maeneo yanayolindwa, Sura ya 204, lakini humo eneo hutangazwa kwa amri rasmi. Halijilindi lenyewe kwa plastiki. Upande wa pili, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inazitaka ofisi za umma zitoe habari zake bila kungoja kubembelezwa. Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu kwenye noti, ndiyo maana noti za 2019 zina jengo la KICC. Jengo la umma, limepigwa picha, liko mfukoni mwangu. Yaani lilikuwa, kabla sijatoka nje.

Maana nje, kwenye saiba iliyo hatua chache kutoka langoni, wanauza ule ubao. Fotokopi safi, shilingi 20, ya rangi 50. Umepigwa kutoka mbele, taa zimewaka, hakuna kichwa cha mtu wa laini, wala haukulala upande. Wakati nikilipa, soja aliingia kuchukua simu yake kwenye chaji.

Hapo kicheko kiliniisha. Kwenye laini kulikuwa na shosho kutoka Kayole aliyeniomba nimsomee ubao kwa sababu macho yake hayafiki kule juu. Alikuwa ameshawahi kurudishwa kwa karatasi moja aliyokosa. Nauli ya kwenda na kurudi, mara mbili, na 20 ya saiba juu yake, kwa habari iliyobandikwa ukutani kwa kodi yake. Sisi wa Nairobi si wabishi wa usalama. Baada ya bomu la 1998, na tena baada ya shambulio la Westgate 2013, tumekubali kufunguliwa mifuko, kupapaswa, kupitishwa chombo kinacholia hata kwa funguo, na hatunung'uniki kwa sababu tunajua kwa nini. Imani hiyo sasa inatumiwa kulinda dakika 15.

Kuhusu picha nilizokatazwa mahali pengine sisemi mengi. Supamaketi walinitoa kwa kupiga picha bei ya unga. Hospitalini nesi alinifukuza kwa kumpiga picha mpwa wangu aliyezaliwa siku hiyo, na alikuwa na haki. Kondakta wa matatu ya 58 alinigombeza kwa kuipiga picha upande ambao mchoro haujakauka.

Kwa wakubwa wa ofisi zetu nina ombi moja: kama kweli kuna sheria, iandikeni kwenye ubao, jina, sura na kifungu, na muiweke chini, usawa wa macho ya shosho. Herufi ziwe kubwa, tutalazimika kuinakili kwa kalamu.