Shavu la Kamba

Mume wangu ni Mzaramo wa Bagamoyo, mimi Mnyamwezi wa hapa Ntalikwa, kwa hiyo nyumbani kwetu watani wawili wanalala kitanda kimoja. Tukigombana huwa ni mzaha. Ugomvi wa kamba haukuwa mzaha: ulidumu siku kumi na moja, na nilinyimwa hata salamu ya asubuhi.

Aliyeuanza ni yeye, kwa kutuletea bahari. Rafiki yake wa Dar es Salaam alikuwa anahama, akamwachia tangi la kioo la lita 100, pampu, ndoo ya chumvi maalumu, samaki wawili na kamba wawili. Ni wale kamba wekundu wenye mstari mweupe mgongoni na masharubu meupe marefu, ambao kazi yao baharini ni kuwachokonoa samaki wadudu waliowang'ang'ania mwilini. Walipanda basi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya deli. Mwaka 1871 msafiri Stanley alitembea miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Kwihara, jirani na hapa, wapagazi wakimtoroka njiani. Kamba wetu walifika kwa siku moja, na hakuna aliyetoroka.

Huku kwetu kamba ni ya kufungia ng'ombe, na kupiga kamba ni kusema uongo. Jirani alipoambiwa tunafuga kamba wanaokula wadudu wa samaki, alimtazama mume wangu kwa huruma akasema, "Shemeji, hiyo nayo ni kamba."

Wiki ya tatu tukafiwa. Kulwa, mmoja wa mapacha wetu, aliamka akakuta kamba amelala chali sakafuni mwa tangi, mweupe, hana dalili ya uhai. Tukamtoa kwa kijiko. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutafuta pa kumzika, Bibi yangu akanyoosha mkono, akamweka kiganjani, akambinya.

"Nyama yake iko wapi?"

Hakukuwa na nyama. Nyoka huvua gamba, hilo kila mtoto wa Ntalikwa analijua. Kumbe kamba naye huvua lote zima, miguu, masharubu, mpaka kifuniko cha jicho, kisha hujificha mpaka lile jipya likomae. Tulimkuta nyuma ya jiwe, mzima. Mapacha wakaliomba gamba wakalitia kwenye kasha la kiberiti, pamoja na meno yao ya utoto.

Wiki mbili baadaye mume wangu alisafiri kwenda Nzega, akaniachia kazi ya kubadilisha maji lita 20. Ndoo ya chumvi ilikuwa tupu. Hesabu naijua: lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi, kwa hiyo nilihitaji gramu 700. Nikanunua pakiti mbili za chumvi ya Uvinza dukani, nikapima kwa mizani ya unga wa maandazi. Bibi alifurahi sana. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikipita hapa kwenye mabega ya wazee wake, ikapikiwa mboga za nchi nzima, ishindwe na kamba wawili?

Mume wangu aliporudi hakufika hata chumbani. Alisimama mbele ya tangi na begi mkononi.

"Umempa nini huyu?"

Kamba mmoja alikuwa na shavu. Upande wa kulia, nyuma kidogo ya jicho, palituna kama mtu aliyeficha kunde mdomoni. Upande wa kushoto palikuwa sawasawa. Nikaeleza habari za chumvi, na tangu hapo nikawa mshtakiwa.

Waganga hawakukosekana. Jirani alisema ni matubwitubwi. Mwalimu wa mapacha alisema ni rovu, upungufu wa madini joto. Nikamwonyesha pakiti, imeandikwa kabisa kwamba madini joto yamo. Bibi alisema jino. Doto alisema ana pipi. Bwana mmoja mlima nyanya alileta mrututu kwenye karatasi, chembe za buluu zinazong'aa, kwamba ukitia kidogo tu kila ugonjwa wa majini unakwisha. Mume wangu akauchukua. Hapo nilisahau kwamba nimenuniwa, nikamshika mkono. Mrututu ni shaba. Ajabu ni kwamba damu ya kamba yenyewe hutumia shaba kubeba hewa, kama yetu inavyotumia chuma, lakini ukimtilia shaba kwenye maji unamuua, na samaki wenyewe wanaweza kubaki wakiogelea. Alinisikiliza, akaukunja mrututu, akarudi kununa.

Siku ya kumi na moja Doto aling'oka jino. Alikwenda kulihifadhi kwenye kasha, akarudi mbio.

"Mama, hata gamba lina pipi."

Nikalipeleka dirishani. Upande wa kulia, nyuma ya jicho, palepale, gamba limetuna. Limevuliwa wiki mbili nzima kabla sijatia mguu dukani. Sikusema neno. Jioni nilimtengea mume wangu chakula, nikafunika kwa kawa aliyokuja nayo kutoka kwao. Alipofunua, alikuta kasha la kiberiti.

Alipiga simu Dar es Salaam mbele yetu sote. Rafiki yake aliuliza swali moja: "Mwenye shavu ana mayai?" Mwenzake alikuwa nayo, kijani, yamejaa chini ya tumbo. Kamba hawa kila mmoja akikua ni dume na jike kwa pamoja, hivyo wakikaa wawili wote hubeba. Wetu mwenye shavu hakuwahi kubeba hata moja.

"Basi ana mgeni."

Mgeni ni mdudu wa jamii ya wale wanaojikunja ukiinua jiwe bustanini. Huingia kwa kamba angali mdogo, akakaa kwenye matamvua chini ya gamba, akanywa damu na kukua pamoja na mwenyeji wake, akamnyima uzazi. Aliyemo ni jike, na mume wake mdogo sana amempanda mwilini. Kumtoa kwa koleo ni kuhatarisha matamvua. Mwenzake haambukizwi, kwa sababu watoto wa mdudu huyo hupitia kwanza kwa vijidudu vingine vya baharini, ambavyo kwetu havipo. Nikamtazama kamba akimchokonoa samaki mgongoni kwa bidii zote. Mganga hajigangi.

Chumvi yangu nayo haikuachiwa huru kabisa. Sodiamu na klorini ni kama asilimia 85 tu ya chumvi ya bahari. Magnesiamu na kalsiamu za kujengea gamba jipya hazimo za kutosha kwenye chumvi ya mboga, na ningeendelea nayo kamba wangekwama ndani ya magamba yao. Mume wangu alilirudia jambo hilo mara nne. Nilimwacha, alikuwa na kasha la kiberiti mbele yake.

Bibi alitaka aelezwe upya, polepole.

"Kwa hiyo, mume wetu, huyu kamba katoka nao pwani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mke na mume, kawabeba shavuni mpaka Ntalikwa?"

"Ndiyo."

Bibi akasogeza kigoda karibu na kioo.

"Na posho yake mnampa?"