Jirani na Ndoo Yake

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kufika Goma, mashariki mwa Kongo.

Novemba 2022 wanajeshi wa Kenya waliingia huko kwa jina la kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakafuata Warundi, Waganda na Wasudani Kusini. Serikali ya Kinshasa ilidhani imeita wazima moto. Kumbe wageni, kwa adabu zote, walikuja kusimama kati ya nyumba na moto. Desemba hiyo waasi wa M23 wakawakabidhi eneo la Kibumba kwa sherehe, picha zikapigwa. Kisha vita vikarudi, kama mtu aliyesahau kofia yake.

Wenyeji wakaanza kuulizana: jirani huyu amekuja na ndoo au na gunia? Penye dhahabu na koltani, kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Februari 2023 wakaandamana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu alikaa mwaka mzima bila kulishika, na Desemba 2023 akaonyeshwa mlango.

Kikaja kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Hawa angalau walipigana, na wapo waliorudi ndani ya majeneza. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Miezi mitatu baadaye wakaanza kufungasha kwenda nyumbani. Kwa njia gani? Kupitia Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inawabeba M23, nayo inakana.

Si vibaya. Barabara za Rwanda, sote twajua, zina lami safi.