Hadubini ya Chaki

Watu huwaonea tu walimu wa sayansi wa shule zetu za msingi. Mimi nawapongeza. Galileo mwaka 1609 alijitaabisha kusaga lenzi, maskini, kwa kukosa chaki. Sisi hadubini yetu imechorwa ubaoni: haivunjiki, haiibiwi, na kengele ikilia inafutwa kwa dasta. Kuchungulia ndiyo huwezi, lakini mtihani haukuulizi umeona nini. Unataka utaje sehemu zake.

Nasifu pia somo la uotaji wa mbegu. Asubuhi watoto hupalilia maharage ya shule, kisha huingizwa darasani kunakili hatua za kuota kwa haragwe. Mwalimu makini huwageuza wautazame ubao, wasije wakavurugwa na shamba lililo dirishani. Mwenye kuuliza kwa nini chipukizi la ubaoni lina majani matatu na la nje mawili anaambiwa aandike kwanza, maswali baadaye. Baadaye ni sekondari.

Kinachonitia wasiwasi ni maji ya Mbeya. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 tu. Utovu wa nidhamu ulioje, na kitabu kimeandika 100! Afadhali shule nyingi hazina kipimajoto. Mtoto angeweza kuyaamini maji, akakosa alama.