Namna ya Kukabidhi Wodi Bila Kumwachia Mwenzako Mafumbo

Daktari uliyekesha zamu Tukuyu, mwongozo huu ni wako. Saa moja na nusu asubuhi mvua ya Rungwe inapiga bati, mwenzako ameingia na koti bichi, na wewe unatamani kitanda. Hapo ndipo sentensi mbili hujileta zenyewe: "Wote wanaendelea vizuri," na "Kila kitu kimo kwenye faili." Zimeze zote mbili. Ya kwanza haimwambii mtu lolote, na faili halisemi ni kipi kilichokutia hofu usiku kucha.

Anza na aliye hoi, hata kama amelala kitanda cha mwisho. Kuanzia kitanda namba moja ni utaratibu wa kuhesabia mashuka. Tena mtaje mgonjwa kwa jina, umri na kilichomleta. "Yule wa namba tano" akihamishwa saa nne, aliyelazwa pale baada yake atarithi dawa zake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tuseme una mama wa wiki 34 aliyeingia na kifafa cha mimba. Amepewa magnesiamu salfeti ya kuanzia: gramu 4 taratibu kwenye mshipa, na gramu 10 kwenye misuli ya makalio, tano kila upande. Ukimkabidhi kwa kusema "magnesiamu tayari", umekabidhi kitendawili. Tayari saa ngapi? Gramu 5 zinazofuata huchomwa kila baada ya saa nne, na kabla ya kuchoma lazima pumzi ziwe angalau 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo uwe umefika mililita 30 kwa saa. Asiyejua saa ataichoma mapema, pumzi zikate, au atachelewa, degedege lirudi. Kwa hiyo taja saa, taja kipimo, na umwonyeshe kwa kidole kabati lenye kalsiamu glukoneti.

Mama huyo akihitaji kupelekwa Meta, kwenye huduma za wazazi za Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zipo kama kilomita 70 za kupanda hadi Isongole kwenye ukungu, kisha kuteremkia Uyole. Piga simu kabla gari halijawashwa. Barua ya rufaa ibebe saa ya dozi juu kabisa, kwa mwandiko anaoweza kuusoma mtu asiyekujua. Mweleze pia muuguzi anayesindikiza, kwani dozi ikiangukia njiani ni yeye atakayeamua kwenye gari linaloyumba. Kumkabidhi bahasha iliyofungwa bila neno ni kumfanya tarishi, na mama yule anamhitaji muuguzi.

Haya si ya kubuni mezani. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wodi za watoto katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, ambako madaktari walifundishwa kukabidhi kwa mpangilio mmoja: uzito wa ugonjwa, habari fupi ya mgonjwa, kazi zilizobaki, linaloweza kuharibika na la kufanya likiharibika, kisha anayepokea arudie aliyosikia. Makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23, na muda wa kukabidhi haukurefuka.

Hilo la mwisho, la kurudia, ndilo linalotushinda. Daktari wa mafunzo kwa vitendo atamwambiaje bosi wake arudie? Kwa adabu ile ile ya shikamoo: "Daktari, naomba unirudishie, nijue kama nimeeleza sawasawa." Bosi akikunja uso, mwache akunje huku anarudia. Heshima inayomfunga mdogo mdomo humuumiza mgonjwa, na mimi siihesabu kuwa heshima.

Muite na Sista aliyekesha nawe. Yeye ndiye aliyegeuza mgonjwa saa tisa usiku, na anajua nani amekataa uji.

Kama kuna bibi anayesema Kinyakyusa pekee na mwenzako ametoka Mwanza, andika ni ndugu yupi anayemtafsiria na namba yake ya simu, maana mchana atakuwa shambani kwenye chai. Halafu mwende wote wawili hadi kitandani, umtajie bibi jina la daktari wake wa leo, naye amwone uso. Sasa nenda ukalale.