Mwongozo wa Kuhakiki Kitabu Bila Kukifungua

Kwanza kabisa, usinunue kitabu. Kitabu kina kurasa nyingi, na kila ukurasa una neno linaloweza kukuvurugia jibu. Nenda duka la vifaa vya shule lililo jirani, uombe kitini. Utakitambua kwa herufi zilizofifia kwa kupigwa fotokopi juu ya fotokopi, na kwa orodha ya dhamira inayoanza na ukombozi na kuishia na nafasi ya mwanamke katika jamii. Orodha hiyo inafaa kwa riwaya yoyote, kwa tamthiliya yoyote, na ukibanwa sana hata kwa diwani ya mashairi.

Wahusika nao wana utaratibu wao. Kila mmoja hupewa sifa tatu, kisha husomewa hukumu: anafaa kuigwa na jamii, au hafai. Katikati hapana mtu. Watu wa katikati wako nyumbani kwenu, hawaji kwenye mtihani.

Anza na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, maana humo mwandishi amekurahisishia kazi. Mshitaki anaitwa Majivuno, kwa hiyo sifa ya kwanza umeshaipata. Mshitakiwa anaitwa Karama, na kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Anapewa siku sita za kujitetea, naye anazitumia kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema, wakatupwa gerezani. Andika kwamba Karama ni jasiri, mpenda haki, anafaa kuigwa. Ishia hapo. Usije ukajiuliza ni mshitakiwa wa namna gani huyu, anayemaliza siku zake zote akitetea wafungwa wengine. Wala usijiulize mtumishi wa serikali ya kikoloni, kama alivyokuwa Shaaban Robert, angeiweka wapi nchi inayowafunga wenye mawazo mapya kama si angani. Kitini kimeshasema ni nchi ya kubuni, na nchi ya kubuni haijawahi kumdhuru mtu.

Ukimaliza hapo, nenda kwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, jambo ambalo kwa muuza vitini ni neema tupu. Majibu yako tayari. Zakaria: mlevi, mkali, mlezi mbaya, hafai kuigwa. Regina: mvumilivu, mwanamke aliyechorwa kama kiumbe duni. Rosa: mwanzoni mpole, baadaye kaharibika, hafai kuigwa. Ukifika mahali Rosa anapojiua, andika neno "majuto" na upige mstari chini yake.

Ila kuna ukurasa mmoja wa kuruka kwa miguu miwili. Ni pale Zakaria anapoipata barua ya kijana Charles kwa binti yake. Anampiga Rosa kipigo ambacho ukikisoma polepole utaanza kupata tabu, kwa sababu mtu yule haonekani kama mlevi wa kwenye kitini. Anaonekana kama baba mwenye mabinti wengi, anayeogopa dunia na asiyejua kuuzungumza woga wake isipokuwa kwa fimbo. (Wa namna hiyo unawafahamu. Mmoja huenda ndiye aliyekulipia ada.) Na binti aliyefundishwa kuwakimbia wanaume kwa kipigo, siku anapofika mbali na fimbo ile, hakuna aliyemfundisha lingine. Sasa nani kamharibu? Kezilahabi mwenyewe hakuridhika kuimaliza kesi hii Ukerewe. Akawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, wakashitakiane huko. Nakuonya kwa sababu mwongozo wa kusahihishia una alama za ulevi na alama za malezi, lakini kwa baraza la mbinguni sijaona hata nusu alama.

Kigumu kuliko vyote ni Kinjeketile. Tamthiliya hii ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, inaonekana mteremko: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Mjerumani mbaya, mwananchi shujaa, dhamira ni umoja. Kinjeketile anaingia majini, anatoka na maji ya dawa na habari ya kuungana. Watu wanashangilia, kalamu yako inakimbia. Tatizo linaanza pale anapotanabahi kwamba maneno yaliyomtoka kinywani yalisema watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said. Maana yake nini? Wamtoe bwana huyu wamwingize yule? Kuanzia hapo shujaa wako ana shaka na maji yake mwenyewe. Anazuia vita visianze, lakini neno limeshatoka na halirudi, watu hawamhitaji tena yeye, wanayataka maji. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, wanamtaka aseme maji yale ni uongo. Hayaamini tena kama mwanzo, na bado anakataa kuyakana, kwa kuwa anajua watakaosikia habari hizo kesho watalibeba neno gani kutoka kwake.

Sifa tatu, basi. Jasiri? Haya. Mwongo? Mkweli? Kitini changu kimeandika "mzalendo" mara tatu kwa herufi tofauti, na sikilaumu. Usifungue utangulizi wa kitabu kutafuta msaada, maana humo Hussein anatahadharisha kuwa Kinjeketile wake si yule wa historia, na hapo utakuwa na watu wawili wa kuwapa sifa.

Swali lolote litakalokukwamisha, jibu kwamba jina la kitabu linasadifu yaliyomo kwa kiasi kikubwa. Ukiulizwa kufaulu kwa mwandishi, taja tamathali za semi. Ukiulizwa kutofaulu, sema hakutoa suluhisho. Na kama wewe ni mwalimu, na kuna mwanafunzi wa dawati la nyuma aliyekwenda kukisoma kitabu chenyewe, akanyoosha mkono kuuliza kama Kinjeketile alisema kweli au alidanganya, mwambie kipindi kimekwisha.